Apandaye Ngazi Naye Atuzwe, Si wa Kwanza Pekee

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Runyenjes

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa mashairi na vitendawili, nakusihi unipe dakika chache. Nina neno moja tu. Katika shule zetu za kutwa tunawatuza wanariadha wachache ambao tayari ni hodari, na wale wanaojikaza kuinuka tunawaacha wakitazama. Maoni yangu ni kwamba kila mwanafunzi apimwe uwezo wa mwili wake kwa ngazi, na kila apandapo ngazi moja apewe zawadi, hata iwe ndogo kama utepe. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Sisi tukifika ugani twataka kibaba kilichojaa tayari!

Hebu tazama jinsi michezo ya shule za sekondari inavyoendeshwa. Timu huanzia katika kanda. Ikishinda huenda kaunti ndogo, ambayo kwetu ni Embu Mashariki, kisha kaunti, mkoa, taifa, na mwisho Afrika Mashariki. Hizo ni ngazi, tena nzuri. Lakini ni ngazi za timu, wala si za mtu. Timu ya kandanda huingiza wachezaji 11 uwanjani, netiboli 7, voliboli 6. Ongeza na wale wa akiba. Je, katika shule yenye wanafunzi 400, ni wangapi wanaobaki kando ya mstari wakipiga makofi? Na timu ikifungwa siku ya kwanza pale kwenye kanda, hata hao wachache msimu wao umekwisha. Jasho la majuma mawili, kisha basi, mpaka mwaka ujao.

Kuna kijana tuliyeanza naye kidato cha kwanza. Alipenda sana mbio. Siku ya kuchagua timu alimaliza wa tano, na waliotakiwa walikuwa watatu. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa amepunguza sekunde kadhaa tangu muhula uanze, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika muda wake wa mwanzo. Alianza kukosa Ijumaa za michezo, halafu Ijumaa nzima, halafu Jumatatu. Leo anaendesha boda boda hapo sokoni. Siwezi kusema mbio pekee ndizo zilizomtoa shuleni, maana karo nayo ina meno. Lakini nakumbuka neno lake: "Huko shule hakuna kitu changu." Neno hilo ndilo linalonifanya niandike.

Wengine watasema, ati mwanafunzi wa kutwa hahitaji mazoezi, kwani anatembea vya kutosha. Ni kweli tunatembea. Nina rafiki anayepanda na kushuka miteremko kilomita sita asubuhi na sita jioni, na akifika nyumbani anakata nyasi za ng'ombe na kuteka maji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lilishauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Rafiki yangu anazipita bila kutazama saa! Lakini nani amemhesabia? Siku ya michezo yeye huketi chini ya mgrevilia na kusema hajui michezo. Miguu yake ina nguvu kuliko ya nusu ya timu, ila hakuna kipimo kilichowahi kumwambia hivyo. Kwa hiyo ngazi si za kumfanya mtu atoke jasho tu. Ni za kumwonyesha alipo.

Sasa, ngazi ninazozisema ni zipi? Si jambo geni. Aliyewahi kuona vijana wa karate anajua kwamba huanza na mkanda mweupe, na rangi hubadilika kadiri wanavyofuzu, mpaka mweusi. Wadogo zetu walio katika mtaala wa umilisi nao hupimwa kwa ngazi kubwa nne, kuanzia yule aliye mbali na matarajio hadi yule aliyeyapita. Na liko jaribio la mbio linalojulikana duniani kote, la kukimbia kwenda na kurudi katika umbali wa mita 20. Lilibuniwa na mtaalamu Luc Léger na wenzake huko Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika namna inayotumika sana, unaanza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, na kila dakika mlio unakuharakisha kwa nusu kilomita. Ukishindwa kuufikia mstari kabla ya mlio, unatoka, na ngazi uliyofikia inaandikwa. Halihitaji uwanja wa taifa. Linahitaji mita 20 za nyasi, simu ya mwalimu yenye sauti hizo, na daftari.

Lakini ngazi zenyewe hazitoshi. Zinaweza kuinua, na zinaweza kuvunja moyo. Nitakupa mfano wa tuzo mbili ambazo, ajabu ni kwamba, zilianza mwaka mmoja, 1966.

Ya kwanza ni ya Marekani. Mwaka huo, wakati wa Rais Lyndon Johnson, ilianzishwa tuzo ya rais kwa wanafunzi wenye miili imara. Kulikuwa na majaribio kadhaa ya mbio na ya nguvu, na ili upate tuzo ilikupasa uwe katika asilimia 15 ya juu kwa kila jaribio. Kila jaribio, si moja! Basi piga hesabu: tangu mwanzo, zaidi ya wanafunzi 80 katika kila 100 walijulikana kuwa hawatapata kitu. Mwaka wa 1987 iliongezwa tuzo nyingine kwa wale wa kiwango cha katikati. Hata hivyo, watu wazima wengi wa huko husimulia hadi leo jinsi walivyoning'inia kwenye chuma mbele ya darasa zima wakishindwa kujivuta hata mara moja. Baada ya mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013 jaribio hilo liliondolewa, ukaja mpango unaotazama afya ya mtoto badala ya kumlinganisha na wenzake. Tarehe 31 Julai 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kulirudisha.

Ya pili ni yetu. Mwaka huo huo wa 1966 Kenya ilianza Tuzo ya Rais, ikifuata mfano wa tuzo iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 1956 na Prince Philip kwa mawazo ya mwalimu Kurt Hahn. Ina ngazi tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Shaba unaweza kuianza ukiwa na miaka 14, Fedha 15, Dhahabu 16, na mlango haufungwi mpaka ufike 24. Ndani yake mna huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya kujasiri, na kwenye Dhahabu huongezwa kukaa na kufanya kazi na watu wageni kwako. Shaba huchukua angalau miezi 6. Jambo linalonifurahisha ni kwamba hushindani na mtu. Unachagua mazoezi yako pamoja na kiongozi wako, unayafanya kila wiki, na maendeleo yako yanaandikwa. Mwenzako akipata Shaba hakupunguzii wewe nafasi ya kupata Shaba.

Msomaji, hapo ndipo penye tofauti. Tuzo moja iliuliza, "Umewashinda wangapi?" Nyingine iliuliza, "Umefika wapi kutoka ulipoanzia?" Mimi niko upande wa swali la pili.

Tena swali hilo si la kutoka ng'ambo. Liko hapa hapa Runyenjes, katika mashamba ya kahawa. Msimu wa kuchuma ukifika, mchumaji hulipwa kwa debe. Leo amejaza debe tatu, kesho tatu na nusu, keshokutwa nne, na kila debe ina thamani yake. Je, umewahi kusikia mwenye shamba akimwambia mama, "Kwa kuwa jirani yako amejaza saba, wewe rudi nyumbani bila kitu"? Hata! Kesho yake mashamba yangebaki na mchumaji mmoja, na kahawa ingeozea mitini. Ndivyo ilivyo katika uga wetu. Tumempa tuzo mchumaji mmoja, kisha tunashangaa kwa nini wengine hawaji.

Hata darasani tunajua jambo hili. Siku ya kutoa zawadi, shule nyingi humwita wa kwanza, halafu humwita na yule aliyepanda zaidi kuliko muhula uliopita. Aliyetoka D akafika C hupigiwa makofi, na mama yake hupiga vigelegele. Mbona ugani hatufanyi hivyo?

Basi napendekeza hivi. Tuwe na ngazi tatu, tuziite kwa majina ya vilele vya mlima wetu, ambao asubuhi isiyo na mawingu tunauona: Lenana, mita 4,985, Nelion, mita 5,188, na Batian, mita 5,199. Lenana hufikiwa na watu wengi wanaotembea kwa miguu yao. Nelion na Batian zataka kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Hakuna anayeshuka kutoka Lenana akaambiwa hakupanda mlima.

Juma la kwanza la muhula, kila mwanafunzi apimwe mambo manne: mbio za kwenda na kurudi za mita 20, pushapu katika dakika moja, kuruka kamba katika dakika moja, na kuruka mbele kwa miguu miwili akiwa amesimama. Wapimane wawili wawili, mmoja akifanya na mwingine akihesabu, na mwalimu asimamie. Hakuna haja ya kupanga mstari mbele ya darasa ili watu wachekwe. Namba ziingie katika daftari la kila mtu.

Atakayehudhuria mazoezi majuma manane na kuongeza namba yake katika jambo moja kati ya hayo manne, amefika Lenana. Atakayeongeza katika mambo matatu na kuyashikilia mpaka mwisho wa muhula, amefika Nelion. Na Batian? Huyo ni yule aliyefanya hayo yote, kisha akamsaidia mwenzake mmoja kutoka chini mpaka Lenana. Wapanda milima huko juu hufungana kamba moja, mmoja akamshika mwenzake. Na sisi tufanye hivyo. Yule mkimbiaji hodari anayezoea kututimulia vumbi sasa atakuwa na sababu ya kurudi nyuma na kukimbia pamoja na yule wa mwisho.

Mpango huu unamfaa pia mwenzetu mwenye ulemavu. Yeye na mwalimu watachagua mambo manne yanayoufaa mwili wake, na atapanda Lenana ile ile, si Lenana ya huruma. Nasi wasichana, ambao mara nyingi huambiwa uwanja ni wa wavulana kwanza, tutakuwa na namba zetu wenyewe, zisizongoja mtu atupishe.

Sasa nije kwenye zawadi, maana hapo ndipo watu hugombana. Kuna wanaosema zawadi huharibu, nao hawajakosea kabisa. Mwaka wa 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo wangechora. Wengine walipewa cheti bila kutazamia, na wengine hawakupewa chochote. Baadaye watoto walipoachiwa wacheze wapendavyo, wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Yaani mchezo ulikuwa umegeuka kibarua.

Nalikubali onyo hilo. Lakini tukumbuke kwamba watoto wale walikuwa tayari wanapenda kuchora. Anayependa mbio hahitaji kuahidiwa kitu, na tusimwahidi. Ninayemlilia mimi ni yule aliyeketi chini ya mgrevilia, ambaye hajawahi hata kuonja utamu wa kuishinda namba yake ya jana. Huyo anahitaji kusukumwa hatua ya kwanza. Na zawadi yake isiwe mshahara, iwe habari. Utepe wa rangi tatu unamwambia, "Umefika hapa." Jina lake likisomwa kwenye gwaride la Ijumaa, au likiandikwa katika gazeti hili letu, linamwambia, "Tumekuona." Daftari moja au kalamu si mali, lakini nyumbani kwetu hakuna anayelitupa daftari.

Tena zawadi ndogo ina faida nyingine: haimfanyi mtu awe mwizi. Tunajua yaliyowapata baadhi ya wanariadha wakubwa wa nchi hii wakati pesa zilipokuwa nyingi na njia ya mkato ikawa karibu, mpaka Bunge likapitisha sheria ya kupambana na dawa za kuongeza nguvu mwaka wa 2016. Hakuna atakayemeza dawa kwa ajili ya utepe. Najua yupo mjanja atakayejifanya goigoi juma la kwanza ili aonekane amepanda sana mwishoni. Mwache! Muhula wa pili ataanzia pale alipoishia, na faida yake yote ilikuwa utepe.

Swali la pili huwa la wakati. Mtihani wa kitaifa uko mbele yetu, na katika shule nyingi kipindi cha mazoezi ya mwili kipo kwenye ratiba ukutani lakini humezwa na hisabati au kemia. Sitaki kuwalaumu walimu, kwani wao nao huulizwa alama. Lakini mpango huu hauombi kipindi kipya. Unaomba kile kile kilichoandikwa. Kupima mambo manne kunahitaji vipindi viwili mwanzoni mwa muhula na viwili mwishoni. Katikati, mwanafunzi anaweza kuruka kamba nyumbani ng'ombe wanapokula, na mwenzake akahesabu. Kamba ya katani yatosha.

Swali la tatu ni la wale wanaopenda medali. Wanasema, "Mkiwatuza wa kawaida, mabingwa watatoka wapi?" Nawajibu kwa habari ya Iten. Mwaka wa 1976 Bruda Colm O'Connell alifika kutoka Ireland kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuja akiwa kocha wa riadha. Alianza na vijana wa shule waliokuwa mbele yake, pole pole, mwaka baada ya mwaka. Mwanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, alishinda dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka wa 1988. David Rudisha, aliyelelewa na kocha huyo huyo, alishinda mita 800 huko London mwaka wa 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia. Mabingwa hao hawakuja na medali shingoni. Walikuja wakiwa vijana wa shule, wakapata mtu wa kuwatazama kwa subira. Mlima Kenya nao si mrefu kwa sababu ya ncha yake. Ni mrefu kwa sababu umeketi juu ya kitako kipana, kinachofika mpaka huku kwetu.

Na tusijidanganye kwamba kijana akikosa kitu chake ugani atakaa bure. Kando ya barabara kuna vijiwe, na kwenye vijiwe kuna muguka. Najua muguka huwalipia wengi wetu karo hapa Embu, na sitatukana mkono unaonilisha. Lakini mzazi anayeuza muguka ndiye wa kwanza kusema hataki mwanawe autafune tangu saa tisa mpaka usiku. Basi tumpe mwanawe jambo lingine la kuhesabu saa hizo.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu. Walimu wetu wapendwa, tupeni vipindi vinne vya muhula na daftari moja la kumbukumbu, mengine tutajifanyia. Mkipenda, wale watakaofika Batian mwaongoze waingie katika Tuzo ya Rais, maana watakuwa wamekwisha kuzoea kazi yake. Wazazi wetu, mtoto akija na utepe msimwulize, "Ulikuwa wa ngapi?" Mwulizeni, "Ulianzia wapi?" Nanyi wanafunzi wenzangu, msingoje mpango ukubaliwe. Tafuta mwenzako leo jioni, rukeni kamba dakika moja moja, kila mmoja amhesabie mwenzake, mkaandike namba hizo nyuma ya daftari la Kiswahili. Juma lijalo rukeni tena.

Kufikia hapo naweka kalamu chini. Mwenye maoni tofauti na ayaandike katika toleo la mwakani. Nitayasoma kwa hamu. Wasalaam.